Kitabu cha Hesabu za Kompyuta: Tusinunue kwa Jalada

Tangu msimu ulipokwisha tumepokea barua, na wengine wametufuata ofisini kwa miguu yao, wakitaka kujua ni kitabu gani kimfaacho mtu anayetaka kujifunza kuandika hesabu za karafuu katika kompyuta. Wako wanaouliza kwa ajili ya nafsi zao, wako wanaouliza kwa ajili ya vijana wao waliomaliza skuli, na liko tawi moja lililoomba chama kiwanunulie makarani wake vitabu. Tumeona ni bora tuwajibu wote pamoja katika ukurasa huu, maana jambo lenyewe limekwisha kutugharimu fedha, na hatupendi mwanachama mwingine agharimike kwa njia ile ile.

Kwanza tueleze habari ya malipo yaliyoharibika, kwa kuwa wengi wameisikia nusu nusu na kila aliyeisimulia ametia chumvi yake. Tawi hatulitaji. Tawi hilo lilikuwa na shilingi 3,600,000 za kugawiwa wanachama, kila mtu kwa kadiri ya kilo alizoleta mizanini. Wanachama walikuwa 47. Karani, kijana mwenye bidii na mkono safi, aliandika majina yote katika jedwali la kompyuta, na mbele ya kila jina akaandika kilo. Jumla aliiweka juu kabisa ya ukurasa, akaiambia mashine ijumlishe kutoka mstari wa 5 mpaka mstari wa 46. Baadaye wakaja wanachama watano waliochelewa kuanua kwa sababu ya mvua, naye akawaandika chini, mstari wa 47 mpaka wa 51. Jumla ya juu hakuigusa. Watu watano hao, wenye kilo 586 kwa pamoja, walikuwa wameandikwa lakini hawakuhesabiwa.

Tena palikuwa na mzee mmoja katikati ya orodha mwenye kilo 164. Karani, kwa kutaka kuandika vizuri, badala ya kuandika 164 peke yake aliandika «164 kilo». Kwa macho yetu hakuna tofauti. Kwa mashine tofauti ni kubwa, maana namba ikichanganywa na neno katika kisanduku kimoja huwa si namba tena, huwa ni maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Mashine ilimruka mzee wa watu kama hayupo. Kwenye safu ya malipo yake yakatokea maneno #VALUE!, na jumla ya safu nzima ya malipo nayo ikagoma kwa sababu ya maneno hayo. Karani akadhani ni ugonjwa wa kompyuta. Akaifuta jumla ile, akamwambia mzee asubiri.

Basi kilo za kweli zilikuwa 12,000, na kila kilo ilistahili shilingi 300. Mashine ilihesabu kilo 11,250, ikatoa shilingi 320. Malipo yakaanza asubuhi kwa furaha, na watu wakashukuru kwamba mwaka huu gawio ni zuri. Alipolipwa mtu wa arubaini na moja, sanduku likawa tupu, na waliobaki kwenye benchi ni wale watano wa mvua na mzee wetu. Mzee alitoa mfukoni daftari lake la skuli, lenye stakabadhi zake zote zimebandikwa kwa gundi ya ubani, akajumlisha kwa kalamu mbele ya watu. Ndipo kosa lilipojulikana. Ilibidi tuwaombe wale arubaini na mmoja warudishe shilingi 20 kwa kila kilo. Mwenye kilo 300 arudishe 6,000. Wengi walirudisha siku ile ile, na Mungu awalipe. Wawili watatu mpaka leo wanatuambia kesho.

Tulipomwuliza kijana alijifunza wapi, alituonyesha kitabu. Kilikuwa kinene kama tofali, jalada linang'aa, kurasa karibu elfu. Na kitabu kile, ni haki tuseme, tulikinunua sisi. Mmoja wetu alikiona kwa muuza vitabu vya mkono wa pili mjini, akakipima kwa uzito wake, akasema kitabu kikubwa namna hii hakikosi kuwa na kila kitu. Kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya Excel ya mwaka 2003. Mashine ya tawi ilikuwa na Excel ya miaka mingi baadaye. Kijana alifungua sura ya kwanza, kitabu kikamwambia abonyeze amri fulani iliyoko kwenye orodha ya juu, naye akatazama juu asiione, kwa kuwa tangu Excel ya mwaka 2007 zile orodha za zamani ziliondolewa, mahali pake ukawekwa utepe mpana wenye picha. Akajaribu sura ya pili, hali ni ile ile. Baada ya wiki akakifunga, akaendelea kwa kubahatisha. Sasa nani alaumiwe?

Mtu akija kununua karafuu hatazami juu ya gunia peke yake. Hutia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini, akavunja moja kusikia kama inalia, akatazama kama imechanganywa na makonyo. Sisi sote twajua hivyo, na tungemcheka mnunuzi anayenunua kwa kutazama gunia jinsi lilivyoshonwa. Lakini katika vitabu tulifanya hivyo hivyo.

Jambo la kwanza la kutazama, basi, ni umri wa kitabu na umri wa programu iliyomo katika mashine yako. Umri wa kitabu umeandikwa nyuma ya ukurasa wa jina, kwa herufi ndogo, na hapo ndipo pa kuanzia kabla hujasoma sifa zilizo kwenye jalada la nyuma. Umri wa programu utauona humo humo ndani ya programu: katika Excel ya siku hizi fungua mahali pa faili, kisha pa akaunti; katika LibreOffice fungua mahali pa msaada, mwisho kabisa wa orodha. Andika jina na namba kwenye karatasi, uende nayo dukani. Si lazima vilingane sawasawa. Kitabu cha Excel ya 2016 kitamfaa mwenye ya 2021 kwa sehemu kubwa, ila hakitamwonyesha mambo mapya, kama ile amri ya kutafutia jina katika orodha iitwayo XLOOKUP, ambayo Microsoft waliitangaza mwaka 2019. Kitamfundisha VLOOKUP, ambayo ni ya zamani na bado inafanya kazi. Lakini cha 2003 kwa mashine ya leo ni kumtesa mwanafunzi bure.

Asije mtu akadhani kwamba umri ni jambo la sura tu, la wapi kubonyeza. Excel za zamani, mpaka hiyo ya 2003, zilikuwa na mistari 65,536 katika ukurasa mmoja, basi. Tangu ya 2007 mistari ni 1,048,576. Huko Uingereza, mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, idara ya afya ya umma ilikuwa ikipokea majibu ya vipimo na kuyatia katika faili za namna ile ya zamani. Faili zikajaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje bila ya mtu kujua. Watu 15,841 waliopimwa wakakutwa na maradhi, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, hawakuingia katika hesabu za kila siku, na waliokaa nao karibu walichelewa kutafutwa. Hiyo ni serikali kubwa yenye wataalamu. Kwetu hatuna tawi lenye mistari elfu sitini na tano, na hatutakuwa nalo, lakini mwanachama aone kwamba mashine haipigi kelele kila inapoacha kitu.

Na kosa la karani wetu si geni pia. Mwaka 2010 wanauchumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya serikali ambayo mawaziri wa fedha wa nchi nyingi waliyashika kama hoja. Mwaka 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, jina lake Thomas Herndon, alipewa jedwali lao akalipitia, akakuta kwamba pale walipotafuta wastani walikomea mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zikaachwa nje. Palikuwa na mabishano mengine juu ya kazi hiyo, na hayo hayatuhusu, lakini hilo la mistari wenyewe walikubali kuwa ni kosa. Kijana wetu aliposikia habari hii alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya malipo.

Kwa hiyo jambo la pili, na sisi twaliona ni kubwa kuliko la kwanza, ni kutazama kama kitabu kinafundisha namna hesabu inavyokosea. Vitabu vingi hupenda kuonyesha mambo yanayopendeza: rangi, michoro ya duara iliyokatwa kama keki, herufi za mapambo. Mkulima hahitaji keki. Fungua kitabu katikati, si mwanzo, maana mwanzo kila mwandishi hujitahidi. Tafuta kama kinaeleza namba iliyoandikwa kama maandishi, na namna ya kuigundua. (Dalili moja twaweza kuitaja hapa hapa: usipoigusa mipangilio, namba husogea upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi hukaa kushoto. Ile «164 kilo» ilikuwa imekaa kushoto peke yake katika safu nzima, na hakuna aliyeiona.) Tafuta kama kinaeleza maana ya #VALUE! na ndugu zake, badala ya kusema tu kwamba pametokea kosa. Tafuta kama kinakuonyesha kujumlisha kwa njia mbili na kulinganisha, jumla ya chini na jumla ya pembeni, kama tulivyofundishwa na makarani wa zamani waliotumia wino.

Tafuta pia alama ya dola. Msicheke, hatusemi fedha. Ukiwa na bei ya kilo katika kisanduku kimoja, tuseme B2, na kilo za watu katika safu ya C, utaandika mbele ya mtu wa kwanza =C5*$B$2, kisha uivute chini kwa wote. Zile alama za dola zinaiambia mashine kwamba B2 isihame. Ukizisahau, mtu wa pili atapigiwa hesabu kwa B3, wa tatu kwa B4, na huko pengine hamna kitu, au pana kitu kingine kabisa. Kitabu kisichoeleza jambo hili kwa ukurasa mzima, na mfano, na zoezi, kirudishe rafuni.

Tarehe nazo zina mtego wake. Vitabu vingi vinavyotufikia vimeandikwa Marekani, na huko mwezi hutangulia siku. Ukiandika 5/11 wewe unakusudia tarehe tano Novemba, karafuu ziko juani. Mashine iliyopangwa Kimarekani itasoma tarehe kumi na moja Mei. Ukiandika 25/11 haitaweza kuisoma kama tarehe, itaiacha kuwa maandishi, na hapo utakuwa na safu moja yenye tarehe za kweli, tarehe za uongo, na maneno. Dawa yake iko katika mipangilio ya nchi ndani ya kompyuta, na kitabu kizuri hulitaja. Kadhalika kuna mashine ambazo kwa mipangilio yao zinataka nukta-mkato pale kitabu kinapoandika mkato. Mwanafunzi anaandika kama alivyoambiwa, mashine inakataa, anajiona mjinga. Si mjinga.

Sasa mtauliza majina. Kwa Excel, vile vitabu vinene vya John Walkenbach viitwavyo Excel Bible, ambavyo baadaye viliendelezwa na waandishi wengine kwa kila toleo jipya, ni vizuri kuwekwa ofisini kwa kutafutia jambo ukikwama. Kila kimoja kina kurasa karibu elfu moja au zaidi. Kumpa kijana anayeanza akisome toka mwanzo hadi mwisho ni kama kumpa mtoto panga la kupalilia shamba zima siku yake ya kwanza. Kwa anayeanza, chagua kitabu chembamba chenye mazoezi na majedwali ya kufanyia kazi, hata kama mwandishi wake hana jina kubwa, maadamu kinapita mitihani tuliyotaja.

Mwenye kompyuta ya zamani, au asiye na fedha za kununua Excel, atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure tangu ilipoanzishwa mwaka 2010, na jedwali lake huitwa Calc. Jambo jema ni kwamba watu wanaoitengeneza hutoa pia vitabu vyake, kimoja cha kuanzia na kimoja cha Calc peke yake, na vyote viwili mtu huvipata katika intaneti bila malipo na bila kuiba. Matoleo mengi yana vitabu vyake, kwa hiyo shida ile ya umri huwa ndogo. Kasoro yake ni kwamba vimeandikwa kama maelezo ya chombo, si kama somo. Vinakuambia kila kifungo kinafanya nini, lakini havikuambii uanze wapi.

Na lugha? Hapa ndipo penye mwiba. Karibu vitabu vyote hivi ni vya Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na tulifurahi, lakini kazi ya namna ile ikisimama maneno huzeeka upesi. Sisi tumejaribu njia moja na tumeiona inafaa: wasome wawili wawili. Mmoja awe kijana ajuaye Kiingereza cha skuli, wa pili awe mtu ajuaye hesabu za karafuu, aliyewahi kushika daftari la mapokezi, hata kama Kiingereza hajui hata neno. Kijana asome, aeleze kwa Kiswahili. Mkubwa aulize maswali. Bibi mmoja, mweka hazina wa tawi kwa miaka mingi, alimsimamisha kijana wake katika sura ya pili kwa kumwuliza, «Mwanangu, na mtu akileta mara mbili, mashine itajuaje ni mtu mmoja?» Kitabu kilikuwa hakijafika huko, na swali lile likawafanya waruke sura tatu mbele kulitafutia jibu. Twaamini walijifunza zaidi kwa kuruka huko kuliko kama wangekwenda taratibu.

Tuje kwenye kuandika programu, maana barua za vijana nyingi zaulizia hilo. Kwanza tuseme wazi kwamba mwanachama mwenye shamba moja na wachumaji kumi haihitaji. Jedwali lamtosha, na daftari pia lamtosha. Lakini chama kina kazi ambazo kwa mkono zinachosha: kila mwezi matawi huleta majedwali yao, kila moja na mpangilio wake, na karani wa makao makuu hukaa siku mbili akiyaunganisha kwa kunakili na kubandika, na kila kubandika ni nafasi ya kukosea. Kazi hiyo programu fupi huifanya kabla chai haijapoa, na huifanya vile vile kila mwezi.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni makro, yaani amri zinazoandikwa ndani ya Excel yenyewe kwa lugha iitwayo VBA, iliyoingia katika Excel mwaka 1993. Kitabu chake kikubwa ni Excel Power Programming with VBA, cha Walkenbach tena, kisha Michael Alexander na Dick Kusleika wakakiendeleza. Ni kizuri, lakini ni cha mtu aliyekwisha kuimiliki Excel. Tena ajue mapema kwamba makro hizo hazifanyi kazi katika Excel ya simu, na vijana wetu wengi kompyuta yao ndiyo simu. Vilevile tangu mwaka 2022 Microsoft wameziba makro za faili zilizotoka katika intaneti, kwa kuwa wezi walikuwa wakizitumia kuingizia virusi. Kitabu cha kabla ya hapo hakitakueleza kwa nini faili uliyoletewa imekataa.

Njia ya pili ni lugha ya Python, nayo ndiyo tunayowashauri wanaoanza. Kiko kitabu cha Al Sweigart, Automate the Boring Stuff with Python, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2015 na kurudiwa baadaye. Mwandishi amekiweka chote katika intaneti, kila mtu akisome bure. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wa ofisi, si kwa wahandisi, na kina sura nzima juu ya kusoma na kuandika majedwali ya Excel. Karani mwenye moyo akifika sura hiyo amekwisha pata faida yake. Kipo na cha Eric Matthes, Python Crash Course, cha mwaka 2015 pia, toleo la tatu 2023. Hicho kina mazoezi mengi, karibu kila kurasa chache, na kwa kijana asiye na mtu wa kumsahihisha twakiona kina subira zaidi. Na kwa aliyekwisha jua yote mawili kidogo kidogo kipo Python for Excel cha Felix Zumstein, cha mwaka 2021. Asianze nacho.

Katika Python umri wa kitabu ni jambo la kufa na kupona. Palikuwa na Python ya pili na Python ya tatu, na hazisikilizani. Ya pili iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, lakini vitabu vyake bado vimejaa kwenye meza za mkono wa pili, na bei yake huvutia. Mtihani ni mwepesi, hata asiyejua lugha hiyo aweza kuufanya akiwa amesimama dukani: tafuta neno print katika kurasa za mwanzo. Ikiwa linafuatwa na mabano, kitabu ni cha Python ya tatu. Ikiwa limefuatwa na nafasi na maneno tu, bila ya mabano, kiache hapo hapo, hata ukipewa bure.

Mwanachama mmoja alimnunulia binti yake kitabu cha Kernighan na Ritchie juu ya lugha ya C, cha kwanza kilichotoka mwaka 1978, kwa kuwa aliambiwa na mtu wa mjini kwamba hakuna kitabu kilichosifiwa zaidi ya hicho. Sifa ni za kweli. Lakini waandishi wenyewe wamesema katika dibaji kwamba si kitabu cha kumwanzisha mtu. Binti alihangaika nacho miezi miwili akaamini kichwa chake kina kasoro. Tulimpa cha Sweigart, na wiki ya tatu alituletea programu yake ya kwanza, inayosoma orodha ya kilo na kutaja kila kisanduku ambacho ndani yake mna neno badala ya namba. Tuliijaribu juu ya jedwali lile la siku ya malipo. Ikatoa mstari mmoja, jina la mzee.

Wako pia wauzaji wa vitabu vyenye majina ya kuahidi siku 21, au saa 24. Peter Norvig, mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, aliandika makala mwaka 2001 kuwajibu hao, akasema miaka kumi. Labda alizidisha kidogo, lakini sisi tunaongoja mkarafuu miaka sita na zaidi kabla ya kuona chanikiwiti ya kwanza hatuna haki ya kulalamika.

Neno juu ya namna ya kusoma, kisha tumalize. Usisome kitabu cha kompyuta ukiwa umelala kitandani. Kisome mbele ya mashine, uandike kila mfano kwa vidole vyako, usinakili. Kisha, na hili tumelifanya sharti kwa makarani wote wa chama, mfano wa kitabu ukiisha, ufanye tena kwa ukurasa mmoja wa daftari lako mwenyewe: majina ya kweli, kilo za kweli, makato ya majamvi na ya wachumaji. Mifano ya vitabu huwa safi mno. Hakuna mtu aliyeleta mara mbili, hakuna Juma Ali wawili katika tawi moja, hakuna stakabadhi iliyolowa. Ukurasa wako utakuonyesha lile ambalo mwandishi wa California hakulifikiria.

Chama kimenunua nakala mbili za kitabu cha Matthes na moja ya kitabu cha Excel cha wanaoanza kinacholingana na mashine zetu. Cha Sweigart na vya LibreOffice tumevitia katika kompyuta ya ofisi. Anayetaka aje na simu yake atiliwe, asitumie kifurushi chake. Vitabu vya karatasi vinaazimwa kwa majuma matatu, kwa kutia sahihi katika buku la karani, na mwanachama aweza kumwekea dhamana kijana wake. Kila anayekuja kuazima aje na ukurasa mmoja wa hesabu zake za msimu uliopita, tuuweke katika jedwali pamoja naye kabla ya kuondoka. Ofisi iko wazi saa mbili asubuhi hata saa nane mchana, Ijumaa mpaka saa tano. Kile kitabu kinene cha 2003 bado tunacho. Kinazuia mlango wa ghala usipigwe na upepo.